Dagaa wa Kigoma, karabai na mkojo wa Mjerumani: wavumbuzi na vitu vilivyotupwa

#1

Wakuu, mwakeye.

Kila uzi wa wavumbuzi humu ndani unaanza na Newton na tunda lake, unapita kwa Edison, unaishia kwa ndugu wawili na ndege yao. Leo naomba tuanze na dagaa.

Mimi ni mtu wa mwisho wa reli, Kigoma. Kazi yangu ni kununua dagaa Kibirizi na kuwapandisha Tabora, na kazi hii ina kusubiri kwingi. Huko kusubiri ndiko nilikoanza kufuatilia vile vitu ambavyo mvuvi hatoki bila navyo: kiberiti, mafuta ya taa, karabai, na siku hizi taa za betri. Nilichokuta ni kwamba karibu kila kimoja kimezaliwa na kitu ambacho wengine walikiona uchafu, au walikitupa, au walikicheka.

Kwa wasiofika huku: dagaa wa Tanganyika anavuliwa usiku, tena usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea boti zinalala ufukweni na watu wanashona nyavu. Mwanga ndio chambo. Vijidudu vya majini vinasogea kwenye taa, dagaa wanavifuata, migebuka nao wanawafuata dagaa. Kabla ya karabai, wazee waliwasha moto wa kuni mbele ya mtumbwi wakachota samaki kwa lusenga, ule wavu wa mpini mrefu. Kwa hiyo ukitaka kujua dagaa wamefikaje mezani kwako, fuata moto.

Moto unaanza na kiberiti, na kiberiti kinaanza na mkojo. Sitanii.

Mwaka 1669 huko Hamburg, Ujerumani, alikuwepo jamaa anaitwa Hennig Brand. Alikuwa anatafuta namna ya kutengeneza dhahabu, na pesa za utafiti zilitoka kwenye mali ya mkewe. Hesabu yake ilikuwa hii: mkojo ni wa njano, dhahabu ni ya njano, lazima kuna undugu. Akakusanya mkojo mwingi mno, akauacha uoze, akauchemsha hadi ukawa uji mzito, kisha akautia moto mkali. (Shemeji yetu huyo naye alistahili medali.) Dhahabu haikutoka. Kilichotoka ni kitu cheupe laini kama nta, kinang'aa chenyewe gizani. Ndiyo fosforasi, na Brand ndiye mtu wa kwanza tunayemjua kwa jina kuwa aligundua elementi.

Kiberiti chenyewe kilichelewa. Mwaka 1826 muuza dawa wa Stockton-on-Tees, Uingereza, anaitwa John Walker, alikuwa anakoroga kemikali kwa kijiti. Donge likakaukia nchani. Alipokisugua kijiti kwenye jiwe la mekoni kukisafisha, kikawaka. Mwaka uliofuata akaanza kuviuza dukani kwake. Watu wakamshauri asajili hataza, yaani haki ya uvumbuzi wake, akakataa. Mjanja mmoja wa London, Samuel Jones, akaiga akaviita Lucifer, akauza.

Baadaye wakaanza kutia fosforasi nyeupe ili kiwake kirahisi, na hapo ndipo balaa lilipoingia. Wafanyakazi wa viwanda vya viberiti walioza mataya. Mwaka 1888 wasichana wa kiwanda cha Bryant & May, London, waligoma, na huo ni kati ya migomo ya wanawake inayokumbukwa sana kule. Dawa ya tatizo ilikuwepo tayari: Msweden Gustaf Erik Pasch, mwaka 1844, aliitoa fosforasi kwenye kijiti akaihamishia ubavuni mwa boksi, tena ile nyekundu isiyo na sumu. Kiberiti chako cha dukani leo ukikisugua ukutani hakiwaki. Nusu ya dawa iko kwenye ule mstari wa kahawia.

Nikipata chaji naendelea na karabai.

#2

Mleta mada umeanza na mkojo saa ya chakula. Hata hivyo naweka kambi, tiririka.

#3

Karabai ya nini tena mkuu, Edison si alishamaliza mambo ya taa?

#4

Mkuu #3, Edison huyo huyo aliachana mwendo kidogo sana na Joseph Swan wa Newcastle, aliyeonyesha balbu yake kabla ya ile ya Edison ya Oktoba 1879. Mwisho wakaungana kampuni moja kule Uingereza. Ila balbu ya Edison inataka waya kutoka kwenye mtambo, na katikati ya ziwa utautoa wapi? Aliyewasha Tanganyika ni mtu mwingine, na wengi hatujawahi kumsikia.

Mafuta ya taa nayapita haraka. Kwenye vijiji vya Galicia, Ulaya ya Mashariki, mafuta machafu yalikuwa yanachuruzika yenyewe ardhini, watu wanapaka mikokoteni isipige kelele. Mfamasia anaitwa Ignacy Łukasiewicz akayachuja, akatengeneza na taa yake. Tarehe 31 Julai 1853 hospitali ya Lwów, ambayo leo ni Lviv ya Ukraine, ikafanya upasuaji usiku kwa mwanga wa taa hizo. Huko Canada Abraham Gesner naye alikuwa ameshapata mafuta ya namna hiyo kutoka kwenye makaa ya mawe.

Sasa shujaa wangu. Carl Auer von Welsbach, Mwaustria. Alisomea Heidelberg kwa Bunsen, yule wa jiko la maabara ambalo kila aliyepita kidato cha pili analijua. Auer alikuwa anahangaika na udongo fulani adimu ambao wakati ule haukuwa na kazi yoyote. Kuuchambua ni mateso: unayeyusha, unagandisha, unayeyusha tena, mara mamia. Hakuwa anatafuta taa. Alitaka tu kuona rangi ambazo udongo ule unatoa ukiwa kwenye moto, na kwa kuwa chembe zake zilikuwa ndogo mno, akachovya kitambaa cha pamba kwenye maji ya chumvi zake akakitia motoni ili mwali uwe mkubwa. Pamba ikaungua ikaisha. Kikabaki kimia cha majivu, chenye umbo lile lile la kitambaa, kinawaka mwanga mkali kuliko moto wenyewe.

Hapo ndipo kilipozaliwa kile kifuko cheupe cha karabai. Mwaka 1885 akasajili. Mwaka huo huo, kwenye udongo ule ule, akatenganisha elementi mbili mpya, neodimiamu na praseodimiamu. Mtu mmoja, mwaka mmoja!

Lakini msidhani alitajirika hapo hapo. Vifuko vya kwanza vilitoa mwanga wa kijani kijani, sura za watu zikaonekana kama maiti, na vilikuwa vinavunjika hovyo. Mwaka 1889 kiwanda kikafungwa. Wenzake wakaona basi. Yeye akarudi maabara, akajaribu elementi nyingine, thoriamu. Na hapa kuna kitu kitamu: kadiri alivyoisafisha thoriamu, mwanga ulipungua. Mtu wa kawaida angetupa. Auer akajiuliza, kama ikiwa safi haiwaki, basi kinachowaka ni ule uchafu. Akautafuta uchafu akaukuta, unaitwa seriamu. Akapima hadi akafika thoriamu asilimia 99, seriamu asilimia 1. Mwaka 1891 taa hizo zikawashwa mbele ya mkahawa mmoja jijini Vienna, na kuanzia hapo hazikushikika.

Vifuko hivyo mwanzo vilikuwa vya gesi ya mjini. Kuvipeleka kwenye mafuta ya taa kwa pampu na presha ni kazi ya wengine, na aliyefanya jina lienee ni Max Graetz wa Berlin, mwanzoni mwa karne ya 20. Petromax, lile jina la karabai zake, ni Petroleum ya Max, na Petroleum kwa Kijerumani ni mafuta ya taa, tusisumbuane.

#5

Wanangu, nimesoma nimefurahi. Nimetengeneza karabai Ujiji tangu kijana, acha niongeze ya fundi.

Kifuko kipya kikitoka kwenye pakiti ni kitambaa tu, laini, unakifunga kwa uzi wake na kunyoosha vikunjo vyote kwa vidole. Ukiacha kunjo moja, hapo ndipo kitakapotoboka. Halafu unakichoma kwa spiriti kabla hujapiga pampu. Kinakuwa cheusi, kinasinyaa, kinageuka cheupe. Kikishafika hapo usikiguse tena. Ukikigusa kwa kidole kinakuwa unga. Boti ikipigwa na wimbi vibaya, kinadondoka. Kumbikumbi mmoja akipenya kwenye kioo, kwisha habari. Ndiyo maana mvuvi mwenye akili alikuwa anatoka na vifuko vya akiba mfukoni, ndani ya nailoni.

Na msilaumu kifuko kila mara. Taa ikipumua, ikawaka ikazima ikawaka, angalia sindano ya nozeli. Mafuta machafu yameziba. Wengi walikuwa wananunua kifuko kipya wakati ugonjwa uko kwenye sindano.

#6

Shikamoo mzee. Sasa hapo ndipo nilipoelewa kwa nini majivu. Swali: thoriamu si ile yenye mionzi? Tumeshika sana hivyo vitu tukiwa watoto.

#7

Mzee wa Ujiji, shikamoo na asante. Hili la sindano nisingelipata popote.

Mkuu #6, ndiyo, thoriamu ina mionzi, hafifu. Ikiwa kwenye pakiti haikufanyi kitu. Kibaya ni kuvuta lile vumbi la kifuko kilichovunjika au kulila na ugali, kwa hiyo kunawa mikono ni lazima. Vifuko vingi vya siku hizi vimeachana nayo, vinatumia itriamu.

Ila hamjaniuliza kuhusu kiberiti cha gesi, na hiyo ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Viwanda vya vifuko vilikuwa vinachimba mchanga unaoitwa monaziti ili kupata thoriamu kidogo. Ukishatoa thoriamu, unabaki na milima ya taka, na taka hizo zimejaa seriamu. Kumbuka kifuko kinataka asilimia 1 tu. Nyingine yote inaenda wapi? Inarundikwa nje. Auer akawa anaziangalia zile taka zake mwenyewe. Akachanganya seriamu na chuma, na mwaka 1903 akasajili kitu ambacho ukikikwaruza kinatoa cheche.

Chukua kiberiti chako cha gesi cha dukani, kile cha kutupa. Ukizungusha gurudumu, meno yake yanakwangua kijiwe cheusi kidogo kuliko punje ya mchele. Vipande vinavyong'oka ni vidogo mno, na seriamu inashika moto hewani kwa joto dogo tu, basi msuguano wenyewe unatosha. Kile kijiwe siyo jiwe. Kilianzia kwenye taka za kiwanda cha vifuko vya karabai.

Kwa hiyo mvuvi aliyewasha karabai kwa kiberiti cha gesi alikuwa anamtumia Auer mkono wa kulia na Auer mkono wa kushoto.

#8

Mleta mada nondo nzito ila uko nyuma ya wakati kaka. Karabai nani anatumia sasa? Njoo Katonga uone, boti zote taa nyeupe za betri, mchana wanachaji kwa sola. Mafuta ya taa bei ilishatushinda zamani.

#9

Dogo nilikuwa nakusubiri wewe.

Hiyo taa nyeupe nayo ina hadithi ya kudharauliwa, tena ndefu. Mwaka 1907 Mwingereza Henry Round alitia umeme kwenye kipande cha kaborandamu, yale mawe ya kunolea, akaona kinatoa mwanga. Akaandika habari fupi jaridani akaendelea na shughuli zake. Miaka ya 1920 Mrusi mmoja fundi wa redio, Oleg Losev, akaona kitu kile kile, yeye akakishikilia, akaandika makala baada ya makala. Kwa miaka mingi shahada hakuwa nayo, na kazi yake haikutiliwa maanani. Alikufa kwa njaa Leningrad mwaka 1942, mji ukiwa umezingirwa na majeshi ya Hitler. Mwaka 1962 Mmarekani Nick Holonyak akatoa LED nyekundu inayoonekana (LED ndiyo hiyo taa ya kipande kinachotoa mwanga kikitiwa umeme), ya kijani ikafuata. Ya bluu ikagoma. Bila bluu huwezi kupata nyeupe, kwa hiyo makampuni makubwa ya dunia yakamwaga pesa.

Wengi walikimbilia nyenzo yenye zinki na seleniamu. Ile nyingine, ya galiamu na naitrojeni, ilionekana mbovu, fuwele zake zimejaa nyufa. Profesa Akasaki wa Nagoya na mwanafunzi wake Amano wakabaki nayo. Na mtu wa tatu ni Shuji Nakamura, mwajiriwa wa kampuni ndogo, Nichia, huko mkoani Tokushima, siyo Tokyo. Kabla ya hapo mirija yake ya kwatsi ilishamlipukia mara kadhaa kazini. Unajua kwa nini aliichagua ile nyenzo iliyokataliwa? Mwenyewe amesema: alitaka udaktari wa falsafa, na kwa Japani ya wakati ule ukiwa na makala za kutosha unapewa. Kwenye zinki watu walishajaa, hakuna nafasi. Kwenye galiamu hakuna anayeandika, utapata makala. Basi.

Mwenye kampuni, mzee Ogawa, alimkubalia pesa. Mzee alipomwachia mkwewe uongozi, mkwe akamwandikia aache. Nakamura akaendelea kana kwamba karatasi haikufika. Mwaka 1993 LED ya bluu kali ikatangazwa. Zawadi aliyopewa kazini ni yen 20,000, yaani kama dola 180 hivi. Akaenda mahakamani, mwaka 2004 mahakama ikasema alipwe yen bilioni 20, mwaka uliofuata wakamalizana kwa kama milioni 840. Mwaka 2014 akina Akasaki, Amano na Nakamura wakapewa Nobel ya fizikia.

Sasa shika simu yako. Zima tochi, angalia pale inapotokea mwanga. Unaona kitone cha njano? Chini ya kitone hicho kuna taa ya bluu. Ile njano inakula sehemu ya bluu na kuitoa kama mwanga wa njano, zikichanganyika jicho linaona nyeupe. Na ndani ya ile njano, kinachofanya kazi ni chembe za seriamu.

Ndiyo, seriamu ile ile. Uchafu wa Auer. Dogo wa Katonga umeiacha karabai ufukweni ukaondoka na kilichokuwa ndani yake.

#10

🙌🏾 Mkuu hapo umeua.

#11

Mimi nina ubishi. Mnasifia taa, taa zenyewe ndizo zimemaliza samaki. Zamani karabai mbili tatu, sasa boti moja ina taa kama harusi. Ndoo ya dagaa tunanunua kwa bei ya nyama.

#12

Sikubishii sana. Taa ikiwa rahisi kila mtu anaingia, na ziwa halikuongezeka. Ndiyo sababu mwaka 2024 lilifungwa miezi mitatu, katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, na sisi wa biashara tuliipata. Lakini usiiachie taa lawama peke yake. Maji ya juu yakizidi joto hayachanganyiki na ya chini, na ziwa hili lina kina cha karibu mita 1,470. Chakula cha vijidudu kimekaa huko chini. Dagaa anabanwa pande zote mbili. Nakamura hahusiki na idadi ya boti zetu.

#13

Na nyavu je? Usije ukasema nazo ni taka.

#14

Nusu nusu. Nailoni ni ya Wallace Carothers wa DuPont, Marekani. Mwaka 1930 kijana wa timu yake, Julian Hill, alichomoa kijiti kwenye chombo chenye poliesta iliyoyeyuka, ikavutika uzi. Wakapata raha, wakawa wanakimbia nao kwenye korido kuona utafika wapi. Kumbe kuuvuta ndiko kunakoupa nguvu. Ila poliesta ile iliyeyuka kwa joto dogo, ukipiga pasi imekwenda, wakaiweka kando. Februari 1935 wakapata nailoni. Carothers alikuwa na ugonjwa wa sonona wa miaka mingi, akajiua Aprili 1937, kabla dunia haijaisikia nailoni. Soksi za kike zilipoingia madukani nchi nzima Mei 1940, watu waligombania milangoni.

Ile poliesta waliyoiweka kando? Waingereza wawili, Whinfield na Dickson, waliiokota Manchester wakaifanyia marekebisho, wakasajili mwaka 1941. Ndiyo shati lako, na ndiyo chupa ya maji ambayo watu wakishaimaliza wanaifunga kwenye wavu kama boya.

#15

Bado mashine ya boti, halafu nitakuruhusu ulale.

#16

Hiyo haina taka hata kidogo, ina aiskrimu.

Ole Evinrude, Mnorwei aliyehamia Wisconsin, Marekani, alikuwa kwenye matembezi ya ziwani na mchumba wake Bess. Bess akatamani aiskrimu. Ole akapiga makasia kuvuka ziwa, akanunua, akarudi, jua kali, ikafika uji. Mwaka 1909 akatoa mashine ya kufunga nyuma ya boti. Wa kwanza kabisa hakuwa yeye, Cameron Waterman alimtangulia miaka michache, lakini ya Evinrude ndiyo iliyouzika. Na iliuzika kwa sababu Bess, ambaye alishakuwa mkewe, ndiye aliyeshika vitabu vya hesabu na ndiye aliyeandika tangazo la kuwaambia watu watupe makasia yao.

Boti zinaingia Kibirizi, wakuu. Ngoja nikapange foleni kabla wa Burundi hawajanunua zote.